Natumia probiotiki miezi miwili na uzito haushuki: niongeze dozi?

“Daktari habari za kazi. Mimi ni mwanamke wa miaka 38, nina kilo 94 na urefu sentimita 162. Mwaka jana niliambiwa sukari yangu iko mpakani nikaanzishiwa metformin. Miezi miwili iliyopita nilifanya kipimo cha kinyesi cha kuagiza mtandaoni, majibu yakasema Firmicutes wangu wako juu na Bacteroidetes wako chini, yaani nina bakteria wa unene. Aliyeniuzia akanipa vidonge vya probiotiki (yaani bakteria hai) vya bilioni 50, akasema vitafukuza bakteria wabaya vitaweka wazuri na uzito utashuka wenyewe. Wiki mbili za kwanza nilishuka kilo 2 (nilikuwa nimeacha na soda pia), tumbo likawa linajaa gesi, akasema hiyo ndo sumu inatoka. Baada ya hapo mzani umegoma kabisa. Sasa anataka nimeze viwili kwa siku halafu niache metformin eti inaua bakteria wazuri. Nifanyeje? Na ni kweli bakteria ndo wananinenepesha?”

Dada yangu, asante kwa kueleza kwa kirefu, imenisaidia sana. Naanza na la haraka kabla ya mengine yote: metformin usiache. Usiiache kwa ushauri wa mtu anayekuuzia kitu, na hata ukiwa na sababu nzuri ya kutaka kuiacha ongea kwanza na daktari aliyekuandikia, kwa sababu sukari ya mpakani inaweza kupanda kimyakimya bila wewe kusikia chochote mwilini.

Halafu hicho alichokwambia kuhusu metformin ni kinyume kabisa na kinachojulikana. Ni kweli hiyo dawa inabadilisha bakteria wa utumbo, tena inawabadilisha sana, mpaka mwaka 2015 watafiti walipopitia data za wagonjwa wa kisukari kutoka nchi kadhaa waligundua kwamba sehemu ya mabadiliko yaliyokuwa yanadhaniwa yanaletwa na kisukari yalikuwa yanaletwa na metformin waliyokuwa wanameza. Ila mabadiliko yenyewe mengi yanaelekea upande mzuri, mfano bakteria anayeitwa Akkermansia muciniphila ambaye huwa mchache kwa watu wengi wenye unene na kisukari, metformin inamuongeza. Mwaka 2017 kundi lingine lilichukua kinyesi cha watu walioanzishiwa metformin wakakiweka kwenye panya wasio na bakteria, na panya wale wakamudu sukari vizuri zaidi. Kwa hiyo dawa unayomeza tayari inafanya kazi kwenye utumbo wako, pengine kuliko hicho kidonge cha bilioni 50. Na gesi yako inaweza kuwa inatoka kwa metformin pia, hilo nitalirudia.

Sasa wasiwasi wako wenyewe. Nikikuelewa vizuri, umebaki na picha kwamba ndani yako kuna bakteria wabaya waliokunenepesha, kwamba kuna wazuri wa kuwafukuza, na kwamba kama mzani haushuki basi dozi ni ndogo au mwili wako una tatizo. Naelewa ilivyokukaa kichwani maana imeelezwa hivyo kila mahali, na ina kipande cha ukweli ndani yake, ndo maana inauzika.

Kipande cha ukweli ni hiki. Mwaka 2004 huko Marekani, maabara ya Jeffrey Gordon kwenye chuo kikuu cha Washington mjini St. Louis walichukua panya waliolelewa bila bakteria hata mmoja, wakawapa bakteria wa panya wa kawaida. Ndani ya siku 14 mafuta ya mwili yakaongezeka kama asilimia 60, na walikuwa wanakula kidogo kuliko mwanzo. Miaka miwili baadaye wakaonyesha kwamba bakteria wa panya mnene wakihamishiwa kwa panya asiye na bakteria anaongezeka mafuta kuliko akipewa wa panya mwembamba. Dunia nzima ikashtuka, na hapo ndo yalipotokea maneno ya Firmicutes na Bacteroidetes (makundi mawili makubwa ya bakteria wa utumbo) uliyoyakuta kwenye majibu yako, kwa sababu kwenye panya wanene na kwenye watu 12 wenye unene waliopimwa mwaka 2006, Firmicutes walikuwa wengi zaidi kuliko kwa wembamba.

Kilichofuata ndicho wauzaji hawakisimulii. Watafiti wengine walipopima watu wengi zaidi na kuziunganisha tafiti pamoja, ule uwiano haukusimama. Kuna tafiti ulionekana, nyingine haukuonekana, nyingine ukawa kinyume. Na ukiwaza ni jambo la kutarajiwa, maana Firmicutes sio bakteria mmoja, ni ukoo mkubwa mno. Ndani yake wamo wanaotengeneza butirati ambayo ni chakula cha kuta za utumbo wako, na hata Lactobacillus, ambao ndio wanajaa kwenye vidonge vingi vya probiotiki, nao ni Firmicutes! Yaani umeambiwa Firmicutes wako juu, halafu ukauziwa (kwa uwezekano mkubwa) Firmicutes wengine uwameze. Hicho kipimo hakiwezi kusema kwamba wewe una “bakteria wa unene”, na hakuna mwongozo wa matibabu ya unene unaomtaka daktari aamue dawa kwa uwiano huo. Usikirudie.

Twende kwenye vidonge vyenyewe, hapa nitakaa kidogo maana ndo kiini cha swali lako.

Utumbo wako una bakteria takribani trilioni 38, hilo ni kadirio lililofanywa upya mwaka 2016 kwa mtu mzima wa kawaida. Kidonge chako kina bilioni 50. Inasikika nyingi lakini ukigawanya unapata kama bakteria mmoja mgeni kwa kila wenyeji 760, na hapo tunachukulia wote wamefika wazima, wakati wanapita kwanza kwenye asidi ya tumbo, halafu nyongo, ndo wafike utumbo mpana ambako wenyeji wameshakalia ute wote na kila chembe ya chakula ina mwenyewe. Ukimeza viwili inakuwa mmoja kwa 380. Wageni wengi hawapati pa kukaa, wanapita, wanafanya kazi yao njiani kama wana kazi, wanatoka na choo. Ukiacha kumeza, baada ya siku chache au wiki chache kwa kawaida hawaonekani tena.

Mwaka 2018 watafiti wa taasisi ya Weizmann huko Israel walifanya kitu ambacho tafiti nyingi hazikuwa zimefanya. Badala ya kupima kinyesi peke yake waliingiza kamera mpaka ndani wakachukua sampuli kwenye ukuta wa utumbo wenyewe, kabla na wakati watu wanatumia probiotiki yenye aina 11 za bakteria. Wakakuta kuna watu ambao bakteria wale walishika kidogo ukutani, na kuna watu ambao utumbo uliwakataa kabisa, wakapita tu. La muhimu kwako ni kwamba kwenye kinyesi walionekana kwa wote, waliowapokea na waliowakataa. Kwa hiyo hata mtu akikwambia “pima kinyesi tena uone wameongezeka”, kuonekana kwenye choo ni ushahidi kwamba umewameza, sio kwamba wamekaa. Na kwa watu wazima wenye afya, tafiti zilizokusanywa pamoja mwaka 2016 zilionyesha kwamba karibu zote hazikuona mpangilio wa jumla wa bakteria ukibadilika kwa sababu ya probiotiki.

Hii haimaanishi kwamba hazifanyi kitu. Bakteria anaweza kupita tu na bado akaacha kemikali zake njiani, akagusa kinga ya mwili, akabadilisha nyongo kidogo. Ndo maana swali la maana kwa mtu mwenye unene sio “wamekaa?”, swali ni “kuna kilichobadilika mwilini?”, na hapo tuna namba.

Mwaka 2018 ulitoka uchambuzi uliounganisha majaribio 15 ya watu wenye uzito mkubwa au unene, jumla watu 957, waliotumia probiotiki kati ya wiki 3 na 12. Tofauti na waliopewa kidonge kisicho na kitu ilikuwa wastani wa kilo 0.6. Nusu kilo na kidogo! Ipo, wamepima, lakini ni kiasi ambacho mzani wako wa nyumbani unapanda na kushuka ndani ya siku moja kwa maji na choo. Kwa kilo zako 94, kinachoanza kuleta unafuu unaoonekana kwenye sukari na presha ni kama asilimia 5, yaani kilo 4.7 hivi.

Kuna jaribio la Japani la mwaka 2010 ambalo hupenda kutajwa, watu 87 walikunywa maziwa yaliyochachushwa yenye Lactobacillus gasseri wa namba SBT2055 kwa wiki 12, wakapigwa picha za CT za tumbo, na mafuta ya ndani ya tumbo yakapungua asilimia 4.6, uzito asilimia 1.4. Ni matokeo mazuri na sitaki kuyabeza, ila ujue mambo mawili: watafiti wa kampuni inayotengeneza maziwa walihusika, na jaribio lililofuata la watu 210 lilionyesha kwamba ukiacha kunywa faida inaanza kurudi nyuma ndani ya wiki 4. Tena ni bakteria yule mwenye namba ile. Lactobacillus mwingine yeyote kwenye kopo lako hawezi kudai matokeo yake, kama ambavyo dawa moja ya presha haiwezi kudai matokeo ya nyingine. Angalia kopo lako: kama limeandika jina la bakteria bila namba au herufi za aina yake mwishoni, huwezi kujua hata ni nani unayemmeza. (Na usishangae ukikuta majina magumu kama Lacticaseibacillus rhamnosus, ni yule yule Lactobacillus rhamnosus, ukoo ule uligawanywa upya mwaka 2020.)

Jaribio linalonivutia zaidi ni la Ubelgiji, la mwaka 2019, kuhusu yule Akkermansia. Watu 32 wenye uzito mkubwa na insulini isiyofanya kazi vizuri walimaliza miezi mitatu. Kundi lililopewa Akkermansia waliopashwa moto mpaka wakafa ndilo lililofanya vizuri kuliko la waliopewa walio hai: insulini ikafanya kazi vizuri zaidi, kolesteroli ikashuka. Uzito ulielekea kushuka kilo 2 na kitu lakini hesabu za kitaalamu hazikuweza kuthibitisha kwamba sio bahati, na bakteria wengine wa utumbo kwa jumla hawakubadilika. Ona sasa, aliyekufa alisaidia kuliko aliye hai na bila kubadilisha jamii ya bakteria! Maana yake hadithi ya kufukuza wabaya na kupanda wazuri sio hata namna mambo yanavyofanya kazi pale yanapofanya kazi. Lilikuwa jaribio dogo, tusubiri makubwa.

Na kama unafikiri pengine tatizo ni bakteria wachache mno kwenye kidonge, wapo waliojaribu njia kubwa kuliko zote, yaani kuhamisha kinyesi cha watu wembamba kwenda kwa watu wenye unene kwa vidonge. Mwaka 2020 yalitoka majaribio mawili ya Marekani, moja la watu 22 na jingine la 24. Bakteria walibadilika kiasi. Uzito haukushuka.

Kwa hiyo kwa swali lako la kuongeza dozi, hapana. Hakuna ushahidi kwamba bilioni 100 zitafanya kwenye uzito kile ambacho bilioni 50 zimeshindwa, utaongeza gesi na matumizi ya pesa. Na gesi sio sumu inatoka, hilo lifute kichwani. Gesi ni bakteria wanachachusha chakula, basi. Ikianza pale ulipoanza vidonge inaweza kuwa vyenyewe, au sukari na nyuzinyuzi wanazochanganya ndani ya kidonge, au metformin. Kama ni metformin, kuna aina ya kidonge chake kinachotoa dawa polepole tumboni ambayo watu wengi huivumilia vizuri zaidi, muulize daktari wako, na kuinywa pamoja na chakula nako husaidia.

Zile kilo 2 za mwanzo nazo nizitendee haki, maana ulizipata wewe. Uliacha soda. Mtu akikata sukari ya kunywa, mwili unatumia akiba ya wanga iliyoko kwenye ini na misuli, na akiba hiyo imeshikana na maji, kwa hiyo kilo za haraka wiki ya kwanza na ya pili mara nyingi sehemu kubwa ni maji, halafu ndo mafuta yanafuata polepole mno kiasi kwamba mzani unaonekana umegoma. Kidonge kimechukua sifa ya kazi ya soda uliyoiacha. Endelea kuiacha.

Umeuliza kama kweli bakteria ndo wanakunenepesha. Wanachangia, kwa kiasi ambacho kwa binadamu bado hakijapimwa vizuri, lakini hawaamui peke yao. Wanachofanya ni kuchachusha nyuzinyuzi ambazo utumbo wako hauwezi kusaga, wanatoa asidi fupi za mafuta, asetati, propionati na butirati. Hizo zinagusa chembe za ukuta wa utumbo zitoe homoni za shibe kama GLP-1 na PYY. Hapo ndo wauzaji wanaposema “probiotiki ni kama zile sindano za kupunguza uzito, ila za asili”. Sio kweli dada yangu. GLP-1 ya mwili wako inavunjwa ndani ya dakika 2 hivi, wakati semaglutide, mojawapo ya dawa za sindano hizo, imetengenezwa isivunjwe haraka, inachukua kama wiki nzima kupungua nusu, ndo maana kwenye jaribio la mwaka 2021 watu walipungua wastani wa asilimia 14.9 kwa wiki 68 dhidi ya 2.4 ya waliopewa sindano isiyo na dawa. Vitu hivyo viwili haviko kwenye daraja moja.

Jaribio ambalo naona lina jibu lako kuliko yote ni la mwaka 2013. Walichukua kinyesi cha mapacha, mmoja mnene mmoja mwembamba, wakawapa panya. Panya wa bakteria wa pacha mnene wakanenepa. Kisha wakawaweka panya wa aina zote mbili kwenye boksi moja, na panya hula kinyesi cha wenzao, kwa hiyo bakteria wa mwembamba wakahamia kwa mnene na kumzuia asinenepe. Ila ilifanya kazi pale tu chakula kilipokuwa na mafuta kidogo na matunda na mboga kwa wingi. Walipowapa chakula chenye mafuta mengi na matunda na mboga kidogo, bakteria wale wale hawakuweza kuingia. Yaani chakula ndicho kilichoamua nani akae.

Hilo ndilo ningekupa uanze nalo: lisha bakteria ulio nao. WHO inashauri mtu mzima angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku kutoka kwenye chakula chenyewe, maharage na jamii yake yote, nafaka isiyokobolewa, mboga, matunda yakiwa mazima. Nusu kikombe cha maharage yaliyopikwa inakupa kama gramu 7. Panda polepole, kijiko kwa kijiko kwa wiki tatu nne, na kunywa maji, maana ukikurupuka tumbo litajaa gesi kuliko sasa na utaacha. Mtindi usiotiwa sukari na vyakula vingine vilivyochachushwa ni vizuri pia, kuna jaribio la Stanford la mwaka 2021 la watu 36 ambapo waliokula vyakula vya kuchacha kwa wingi walipata bakteria wa aina nyingi zaidi na dalili za uvimbe kwenye damu zikashuka. Nikuambie ukweli wote lakini: jaribio lile halikuwa la kupunguza uzito, na kundi jingine lililokula nyuzinyuzi kwa wingi halikuongeza aina za bakteria kwa muda ule. Kinachofanya nyuzinyuzi zisaidie uzito ni zaidi ya bakteria, zinashibisha na kuchukua nafasi ya vyakula vingine.

Probiotiki zina mahali pake, kwa mfano kupunguza kuharisha kunakoletwa na antibayotiki, na kwa watu wengi hatari ni ndogo. Ukitaka kumaliza kopo ulilonunua na halikusumbui, malizia moja kwa siku. Kwangu mimi nisingenunua lingine kwa ajili ya uzito. Ila kuna watu ambao hawatakiwi kuzigusa bila daktari: wenye kinga iliyoshuka, walio kwenye tiba ya saratani, wenye mpira kwenye mshipa mkubwa wa damu, wenye uvimbe mkali wa kongosho. Sio tahadhari ya maneno tu, huko Uholanzi mwaka 2008 ilitoka ripoti ya jaribio la wagonjwa wa kongosho ambapo waliopewa probiotiki walikufa asilimia 16 na waliopewa kitu kisicho na bakteria asilimia 6. Na mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu kuwapa watoto njiti.

Sasa nenda ukaonane na daktari ana kwa ana, na nakuomba usichelewe. Sio kwa sababu umefanya kosa, BMI yako (uwiano wa uzito na urefu) ni karibu 36 na sukari iko mpakani, hali hiyo inastahili matibabu kamili, sio kuachwa upambane nayo na vidonge vya mtandaoni. Omba urudie A1c, kile kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari yako kwa miezi kama mitatu. Mwambie kama hedhi zako zinaruka, kama unakoroma sana au unaamka umechoka, kama kuna dawa nyingine unatumia maana zipo zinazonenepesha. Muulize waziwazi kuhusu dawa za uzito na kuhusu upasuaji kama chaguo, una haki ya kuyajadili yote bila kuonewa aibu. Kama ukiona damu kwenye choo, ukiharisha mpaka usiku unaamshwa, macho yakawa ya njano, ukatapika bila kukoma au ukapata homa baada ya kuanza vidonge, hapo usisubiri miadi, nenda siku hiyo hiyo. Na kopo la vidonge libebe, asome mwenyewe kilichoandikwa nyuma.